Sanduku Kwanza, Taa Baadaye: Ninavyoandaa Kizimba cha Chatu Mpira

Kila ninapoandaa kizimba cha chatu mpira, Python regius, naanza kwa kujiuliza kama hewa yenye joto na unyevu itabaki ndani. Wengi huanza na balbu. Wananunua tangi la kioo lenye wavu juu na kufunga taa kali. Joto linafika panapotakiwa, lakini unyevu unaporomoka hadi chini ya asilimia 40 na nyoka anajivua gamba vipandevipande. Wakipuliza maji, baada ya muda mfupi yamekauka. Kuongeza maji hakusaidii, kwa sababu hewa ya moto inapaa na kutokea kwenye wavu pamoja na unyevu wake, na balbu nayo inawaka muda mrefu zaidi kufidia joto linalopotea.

Nyoka huyu ni wa Afrika Magharibi na ya Kati, na mchana hujificha sana kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Mle hewa haitembei sana, na udongo hubaki na unyevu hata nje kukiwa kukavu. Kwa hiyo mahali pa kuota joto nalenga nyuzi 32 hadi 34 za sentigredi, zikipimwa kwenye uso wa kitu anacholalia. Hewa ya upande wa baridi iwe 25 hadi 27, na usiku isishuke chini ya 23. Unyevu uwe asilimia 60 hadi 75, na usishuke anapokaribia kujivua gamba.

Kwa chatu mkubwa, ambaye kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 150 (majike huwapita madume), najenga sanduku la sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Karatasi moja ya plaiwudi ya sentimita 244 kwa 122, unene milimita 18, inatoa vipande vinne vya takriban 121 kwa 60: sakafu, dari, mgongo, na cha nne nakikata katikati kupata mbavu mbili. Vibao vya mbele vinatoka kwenye mabaki ya ubao mwingine: cha chini kimo sentimita 15 ili kizuie matandiko yasimwagike, cha juu sentimita 8. Katikati yake napitisha vioo viwili vya milimita 5 kwenye reli, pamoja na kufuli ya vioo vya kuteleza. Kufuli si pambo. Chatu husukuma kwa pua usiku kucha, na kioo kikifunguka hata kidogo tu, mtoto wa chatu ameshapita.

Mbao zilizoshindiliwa kwa chengachenga nazikwepa. Maji yakiingia kwenye ukingo mmoja tu zinavimba na hazirudi. Plaiwudi naipaka vanishi ya maji mara tatu, kila tabaka likauke kabla ya linalofuata, halafu viungo vyote vya ndani naviziba kwa silikoni ya matangi ya samaki, kwa sababu silikoni ya bafuni mara nyingi imetiwa dawa ya kuua ukungu. Sanduku linakaa wazi wiki nzima au zaidi. Ukiingiza kichwa ukasikia harufu yoyote, bado.

Matundu ya hewa natoboa mawili ya kipenyo cha sentimita 5 chini kwenye ubavu wa baridi, na mawili kama hayo juu kwenye ubavu wa joto, yote yakiwa na wavu wa chuma. Hewa safi inaingia chini na kutoka juu taratibu. Unyevu ukipungua naziba tundu moja la juu, na vioo vikitoa jasho mchana kutwa nalifungua. Mwenye tangi la kioo tayari si lazima alitupe: afunike robo tatu ya wavu kwa karatasi ya plastiki ngumu, mbali na taa, na azibe pande tatu kwa karatasi nyeusi.

Kwenye joto ndiko hatari kubwa iliko. Mchana natumia taa ya halojeni ya wati 60 hadi 75, usiku balbu ya kauri isiyotoa mwanga. Balbu ya kauri lazima ikae kwenye kishikio cha kauri, kwani cha plastiki kitayeyuka. Zote mbili nazizungushia kikapu cha waya kilichofungwa kwa skrubu darini, kwa sababu chatu hupanda na kujiviringisha kwenye kitu cha moto, na akishaungua hajiondoi haraka kama unavyotarajia. Kutoka balbu hadi mahali pa juu kabisa anapoweza kulala naacha sentimita 25 hadi 30.

Kila chanzo cha joto kinapitia thamostati, kifaa kinachodhibiti joto kwa kusoma kihisi chake, na aina yake ina maana. Halojeni inataka ile inayopunguza na kuongeza umeme taratibu. Ukiipa ya kuwasha na kuzima, taa itawakawaka kutwa na kuungua mapema. Ya mapigo, inayotuma umeme kwa vipande vifupivifupi, inafaa balbu ya kauri na mkeka wa joto, lakini si taa ya mwanga. Ukichagua mkeka, uchukue theluthi moja tu ya sakafu, na kihisi kikae kati ya mkeka na sakafu ya kizimba. Chini ya matandiko mazito mkeka haufai: joto linanaswa chini, nyoka anachimba kulitafuta na kuunguza tumbo.

Kihisi cha thamostati ya taa au ya balbu ya kauri nakifunga kwa klipu na skrubu, usawa wa mgongo wa nyoka aliyelala upande wa joto, lakini si pale anapoweza kukilalia. Vile vikombe vya mpira vya kunyonya siviamini hata kidogo. Kikombe kikibanduka, kihisi kinaangukia upande wa baridi, kinasoma nyuzi 25, na thamostati kwa utii wake inaendelea kupeleka umeme hadi kizimba kinakuwa tanuri. Kihisi kilichomwagikiwa maji nacho kinadanganya vivyo hivyo. Ndiyo maana naweka vipimajoto viwili vya pembeni vinavyohifadhi kiwango cha juu na cha chini, kimoja kila upande, na uso wa mahali pa kuota napima kwa kipimajoto cha infraredi, kinachosoma joto bila kugusa. Namba iliyoandikwa kwenye thamostati ni agizo tu, hali halisi unaisoma kwenye vipimajoto.

Matandiko ni makumbi ya nazi: sehemu mbili za unga wake, sehemu moja ya vipande vikubwa, kina cha sentimita 8. Kwa sakafu hii ni kama lita 57. Tofali la unga huo ulioshindiliwa, la gramu 650, likiloweshwa hutoa lita 8 hadi 9, kwa hiyo fikiria matofali matano na mfuko wa vipande wa lita 20. Mwerezi usiutumie, mafuta yake yanadhuru. Mchanganyiko ukiubana kiganjani ushikamane bila kudondosha tone. Baadaye sipulizi maji juu, namimina nusu lita hadi lita moja kwenye pembe za sanduku ili tabaka la chini liwe na unyevu na la juu libaki kavu. Uso ukiwa umelowa kila siku, magamba ya tumboni huoza.

Maficho yawe mawili yanayofanana, moja kila upande, yenye mlango mmoja. Akijikunja ndani, mwili uguse kuta. Pango kubwa linalovutia machoni mwetu halimpi utulivu wowote. Ukiweka ficho upande mmoja tu, atachagua usalama kuliko joto sahihi, na chakula hakitameng'enywa vizuri. Katikati najaza magome, matawi mazito na majani ya bandia. Wanaosema mtoto wa chatu hugoma kula kwenye kizimba kikubwa wanalaumu ukubwa, wakati kinachomtisha ni uwanja mtupu. Bakuli la maji liwe pana, zito, upande wa baridi, maji yabadilishwe angalau kila siku ya pili.

Vyote vikishafungwa, nakiwasha kizimba kikiwa kitupu kwa wiki moja. Naandika viwango vya juu na vya chini asubuhi na jioni. Upande wa baridi ukivuka 28, wati ni nyingi au balbu iko karibu mno na katikati. Usiku ukishuka chini ya 23, balbu ya kauri ni dhaifu. Nyoka akishaingia, simshiki kwa siku saba, ndipo nampa mlo wa kwanza.

Tangu hapo yeye ndiye kipimo. Akishinda upande wa baridi kila siku, kapime tena sehemu ya joto. Akilala ndani ya bakuli, ama ni moto, ama ni pakavu, ama ana utitiri: pitisha kitambaa cheupe chenye maji kwenye mwili wake utafute vidoa vyeusi vinavyotembea. Ukiviona, tupa matandiko yote, mweke juu ya karatasi nyeupe, tibu nyoka na sanduku pamoja. Utando ukibaki machoni baada ya kujivua usiubandue kwa kucha, pandisha unyevu usubiri gamba lijalo, na ukibaki tena mwone daktari. Mdomo wazi, mapovu puani au pumzi yenye mlio havisubiri: hayo hutokana sana na baridi na unyevu vikikutana, na yanahitaji daktari wa wanyama anayewajua watambaao siku hiyohiyo.

Mara moja kwa mwezi nafagia reli za vioo, kwa kuwa punje za makumbi hukwamisha kioo kabla hakijafunga sawasawa, navuta kihisi kuona kama bado kimeshika, na nakagua silikoni ya pembe za chini.