Nilimtazama Macho

Jumatano mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, Ijumaa tumemuoza Mwanaidi, na bado kichwani mwangu yumo Ami tu, amesimama pwani na ndoo yake tangu Jumatatu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Pomboo wako mmoja tumemkuta kwenye wavu wa jarife alfajiri. Mtoto, wa wale wenye nundu. Keshakufa."

"Pezi la mgongoni mlilitazama?"

Akanyamaza kidogo. "Mimi nilimtazama macho."

Akaenda zake. Nimelirudia swali langu nikifua, nikipika, hata nikisali isha. Sikusema pole. Sikuuliza jarife limechanika kiasi gani. Pezi! Na mimi ndiye ninayewaeleza wageni kila siku kuwa pomboo lazima aje juu kuvuta pumzi, kwamba akinaswa chini humaliza hewa aliyonayo, basi.

Tena swali lenyewe halikuwa na faida. Tunawatambua kwa makovu na mikato ya pezi, lakini mtoto bado hana alama. Tunamjua kwa mama anayeogelea naye. Ami angelikagua pezi lile mpaka jua linakuchwa, asingepata cha kuniambia. Ila nilitaka kujua ni wa nani. Watafiti walipowahesabu wenye nundu hapa Ghuba ya Menai, Unguja, kati ya 1999 na 2002, hawakufika 70. Na mama huzaa mmoja tu, kisha hupita miaka.

Leo asubuhi bahari ilikuwa shwari, tukawakuta nje ya Kizimkazi, wanane. Nikapiga picha kila ubavu huku mikono ikitetemeka, nikimtafuta yule mama wa mikato miwili pezini niliyekusimulieni wakati wa kaskazi. Akaibuka. Na ubavuni pake kakaibuka kadogo, ka kijivu, wakavuta pumzi pamoja. Nililia mbele ya nahodha. Baadaye, nikiosha boti, ndipo nilipomkumbuka mama mwengine, ambaye simjui, aliyerudi kutoka kwenye jarife peke yake.

Jioni nikampelekea Ami picha. Akaikuza kwa vidole, akaitazama muda mrefu.

"Macho hayaonekani humu," akasema, akanisogezea sahani ya mihogo.

Tumekula mpaka magharibi.

Bi mkubwa anakohoa tena usiku huu. Anasema ni vumbi la harusi, hospitali hataki kuisikia. Nimeacha mlango wazi ili nimsikie.