Oktoba kwenye mafunjo ya Dunga

Wengi wanaokuja Dunga, kando ya Ziwa Victoria, kumtafuta tiva wa mafunjo hurudi Kisumu mjini wakijisifu kwa ndege mwingine. Kuna tiva wawili hapa. Wote wana mgongo mweusi na kifua chekundu kama damu, na wote huimba kwa kupokezana, dume na jike. Tiva wa mafunjo ana utosi wa manjano na mstari mweupe bawani. Mwenzake wa vichakani ana kichwa cheusi tii, na bawa lake halina weupe wowote. Huyo unaweza kumkuta hata uani kwa mtu. Wa mafunjo habanduki kwenye mafunjo.

Kinachopotosha ni mwanga. Ukitazama mafunjo asubuhi ukiwa ndani ya mashua, jua linakupiga usoni na ule utosi unageuka giza. Heri uanzie nchi kavu, jua likiwa mgongoni, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshafika. Simama dakika kumi bila kusogea. Sikiliza kwanza, kisha elekeza darubini kwenye mabua, maana juu kwenye vishungi hakai sana. Darubini ya 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha kabisa. Ziwa likianza kuvuma, mafunjo ya mita 3 au 4 yanayumba yote, na hapo hujui ni ndege au ni upepo.

Halafu hii tabia ya kumchezea sauti yake kwenye simu iacheni. Anadhani kavamiwa, anaacha kula ili aje kupigana na spika.

Wakati huu Ulaya kunaingia baridi, kwa hiyo angalia na matope ya ufukweni. Kitwitwi mdogo anayetikisa mkia bila kupumzika, mwenye weupe wa tumbo unaopanda mbele ya bega, ni mgeni wa huko. Mbayuwayu nao wapo, juu ya maji.

Vaa gambuti, si sandali: maji ya ziwa yana kichocho. Usikanyage mafunjo yanayoelea hata yakionekana imara, utazama hadi kiunoni. Na ukiona njia pana iliyolazwa katikati ya mafunjo, tope lake likiwa bado bichi, usisimame hapo kupiga picha. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na alfajiri hurudi majini kwa njia hiyo hiyo.