Nilikuja Salamanca kufanya nini?

Kibali changu cha kukaa Hispania kilikuwa kinaisha mwishoni mwa mwaka 2013, na kanuni za uhamiaji za wakati ule, zile za mwaka 2011, zilimruhusu mwanafunzi kuomba nyongeza ndani ya siku sitini kabla ya kibali kuisha. Nilikuwa nimemaliza kozi ya Kihispania na kupata nafasi ya shahada ya uzamili ya tafsiri pale pale Salamanca. Fomu yenyewe, inayoitwa EX-00, haikuwa na shida: jina, pasipoti, anwani, weka alama kwenye kisanduku. Bima ya afya nilikuwa nayo, na karatasi za benki pia. Ila karani wa shule ya lugha alinishauri niambatanishe barua ya ukurasa mmoja nieleze kwa nini natoka kozi ya lugha kwenda chuo kikuu, anayepitia faili asije akadhani natangatanga tu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha shule za msingi za vijijini karibu maisha yake yote ya kazi. Nilimwita señora na kumsemesha kwa usted, “wewe” ya heshima, kwa sababu mtu wa rika la nyanya yangu siwezi kumpa tú, “wewe” ya kawaida, hata sarufi ikiruhusu. Yeye aliniita hija, binti, kama anavyomwita hata muuza mkate.

Salamanca iko juu, kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake inaanza mapema. Nyumba za zamani za huko zina dawa yake: mesa camilla, meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito kinachoburura sakafuni, na chini yake kuna jiko, zamani la makaa, siku hizi la umeme. Unaingiza miguu, unavuta kitambaa hadi mapajani, basi, hutoki tena mpaka usiku. Mimi niliyekulia Tanga, niliipenda meza ile kuliko makanisa makuu mawili ya mji, jipya na la zamani, kwa pamoja. Nilienda na rasimu yangu hapo jioni, baada ya chakula, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Wa tatu mezani alikuwa kijana wa Cádiz, mpangaji mwenzangu. Alikuwa opositor, yaani mtu anayejiandaa kwa mitihani ya ushindani ya kuingia utumishi wa serikali, na yeye alitaka ujaji. Wasioijua Hispania hawajui opositor ni nini. Ni mtu mzima mwenye shahada ya sheria ambaye anajifungia chumbani miaka kadhaa na mada zaidi ya mia tatu, anazimeza, kisha anakwenda kuzitoa kwa mdomo mbele ya jopo huku saa inahesabu. Wenyewe wanasema cantar los temas, kuziimba mada. Kila wiki aliimba kwa mkufunzi wake, na siku nyingine aliliimbia kabati la nguo. Nilikuwa nikiamka alfajiri nasikia sheria ya mirathi ikipita ukutani bila kituo, nakumbuka madrasa. Neno lake la kila siku lilikuwa aprenderse, lile lenye se mkiani. Me he aprendido el tema. Hilo kwetu ni kuhifadhi, kama mtu anavyohifadhi juzuu. Ukiiondoa se, maana inalegea, inabaki kujifunza kwa jumla.

Sentensi yangu ya kwanza ilisema: Vine a Salamanca a aprender español, nilikuja Salamanca kujifunza Kihispania.

Kijana aliivuta karatasi. “Weka estudiar,” akasema. “Kibali chako kwenye kanuni kinaitwa estancia por estudios, kukaa kwa ajili ya masomo. Hakuna estancia ya kujifunza. Yule anayesoma faili anatafuta neno lile lile aliloliona kwenye kanuni.”

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye ufumaji wake. “Kusoma Kihispania angekisoma kwao, vitabu viko. Amepanda ndege ili akipate. Acha aprender.”

Ugomvi wa kweli ulikuwa hapo, na ulikuwa na uzito kuliko ulivyonikalia mwanzoni. Estudiar ni kazi: unakaa, unafungua kitabu, saa zinapita. Unaweza kuestudiar mwaka mzima usiambulie kitu, na hakuna atakayesema umedanganya. Aprender ni kile kinachobaki kichwani. Bibi alisema darasani kwake aliwahi kuwa na watoto waliosoma sana bila kushika, na wachache walioshika bila kusoma, na kwamba hawa wa pili ndio waliomchosha zaidi. Akaniagiza kabatini nimletee kamusi ya María Moliner, majuzuu mawili, ya mwaka 1966 na 1967. Aliiheshimu kwa namna ya pekee, kwa sababu mwandishi wake alikuwa mkutubi aliyeiandika nyumbani kwake, mezani, kwa miaka mingi, na pamoja na hayo alipopendekezwa mwaka 1972 aingie kwenye Akademia ya lugha hawakumchagua. “Hawakumchagua!” akarudia, kana kwamba habari imefika asubuhi ile.

Kitenzi aprender kimetoka kwenye Kilatini apprehendere, kukamata. Nilipowaambia kuwa Waswahili tunamsifu mtoto kwa kusema ni mwepesi wa kushika, bibi aliweka sindano chini, akataka nilitamke neno hilo, kushika, na akalirudia vizuri tu. Estudiar, kwa upande wake, inatokana na studium, bidii na hamu. Kwa hiyo kwa asili yake hata si kitabu. Ni moyo wa kutaka jambo. Kijana alicheka kwa uchungu, akasema mtu yeyote anayeona hamu ndani ya sheria ya mirathi aje achukue daftari zake bure.

Na mimi nilikuwa na tatizo langu ambalo hawakulijua. Mama yangu akiulizwa na majirani alikuwa anajibu, “Yuko Hispania, anasoma.” Kusoma kwetu kumebeba vyote: gazeti, Kurani, chuo kikuu. Amesoma ni sifa ya mtu. Kwa hiyo kichwani mwangu estudiar na leer, kusoma maandishi, vililala kitanda kimoja, nami nilichukua aprender pale mwanzoni kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbali na vurugu hiyo. Sikuichagua kwa busara za bibi. Ila baada ya kumsikia niliona ana haki, na nikaiacha ibaki. Lugha ambayo unataka kuisema unaiaprender. Ukisema unaiestudiar, Mhispania anaona madaftari na majedwali ya vitenzi, labda hata isimu.

Kijana hakuondoka mikono mitupu. Sentensi ya pili ilihusu mwaka uliopita, na hapo alishinda: he estudiado, na idadi ya saa za kozi kama zilivyoandikwa kwenye cheti. Cheti chenyewe kilikuwa cha aprovechamiento, sio cha mahudhurio peke yake, na tofauti hiyo ofisi za Hispania zinaijali. Mahudhurio yanasema ulikuwa umekaa kwenye kiti. Aprovechamiento inasema kiti kilikufaa. Nyongeza ya kibali wakati ule ilidai uonyeshe kuwa ulivuka mitihani ya masomo uliyoyajia, kwa hiyo serikali nayo, pamoja na lile jina la kanuni zake, ilitaka kujua kama umeshika. Bibi aliposikia hivyo alimtazama kijana kwa jicho la ushindi, naye akajifanya anatafuta kalamu.

Sentensi ya tatu ilipita upesi. Nilitaka kusema nilivyopata habari za shahada ile, nikaandika me enteré de, wakakubali wote wawili. Hapa Mswahili hana taabu, kwa sababu sisi habari tunaipata au tunaisikia. Waliotaabika walikuwa wenzangu darasani waliotoka kwenye Kiingereza, lugha ambayo kitenzi kimoja kinatosha kujifunza gitaa na kujua kuwa shangazi amefariki. Mmoja wao alitangaza kwamba jana aprendió kuwa dada yake ni mjamzito, na mwalimu akamuuliza kwa upole ilimchukua masomo mangapi. Ukichunguza mwenyewe mpaka ukajua, hapo ni averiguar, na nilitaka kuiweka ili nionekane mtu wa bidii, lakini kijana alisema mbele ya ofisi ya uhamiaji neno hilo lina harufu ya upelelezi.

Katikati ya haya yote tukapotea njia, kama inavyokuwa mezani. Kijana aliuliza wanafunzi wa Tanzania wanasemaje mtu akikomaa na vitabu. Wao wanasema empollar, kuatamia, kama kuku juu ya mayai, na mkomaji mwenyewe ni empollón, jina ambalo hakuna mtoto anayelitaka. Au wanasema hincar los codos, kukita viwiko mezani. Akanyanyua mikono kutuonyesha sweta lake, na kweli viwiko vyote viwili vilikuwa vimetoboka. Nikawaambia kwetu wanapiga msuli. Alilipenda hilo kupita kiasi. Wiki nzima iliyofuata alikuwa akipita koridoni anajipigapiga mkono wa juu na kusema “msuli, msuli”, kabla ya kurudi kwa kabati lake. Nikawafundisha na sapu, mtihani wa marudio, ambao kwao mtu aliambiwa somo fulani “limembakia kwa Septemba”, na kiangazi chake chote kikaharibika. Bibi akakumbuka watoto wa kijijini waliokuja kwake Agosti, jua kali, kufundishwa hesabu chini ya mti, na wazazi wakalipa kwa mayai. Nadhani tulikunywa chai mara mbili kabla ya kurudi kwenye barua.

Sentensi ya nne ndiyo iliyozua kelele. Deseo cursar un máster. Kijana ndiye aliyetaka cursar, yaani kufuata masomo rasmi mahali palipotajwa. Bibi aliichukia. Alisema hajawahi kumsikia mwanadamu akisema cursar kwa mdomo wake, ni neno linalovaa tai. Mtu husema estudiar un máster, au hacer, kufanya, na anaeleweka. Kijana akajibu kuwa barua inakwenda mahali ambapo kila mtu amevaa tai. Walinigeukia. Niliandika cursar. Sijioni kuwa nilimsaliti bibi. Barua ya ofisini ina Kihispania chake kama vile barua zetu zina “rejea kichwa cha habari hapo juu”, na hakuna anayezungumza hivyo sokoni.

Lakini nilikuwa na mstari wa mwisho wangu mwenyewe, sigo aprendiendo, bado naendelea kujifunza, na huo wote wawili waliutaka utoke, kila mtu kwa sababu zake. Kijana alisema usiiambie serikali kuwa hujamaliza jambo ulilopewa mwaka mzima ulimalize. Bibi alisema ni kweli tupu, na kwa hiyo haina haja ya kuandikwa. Niliuacha. Nilichapisha barua kesho yake kwenye duka la fotokopi karibu na chuo, na ule mstari ulikuwamo.

Siku ya kupeleka faili foleni ilikuwa ndefu. Dirishani alikuwapo mtumishi wa makamo, mpole, aliyehesabu karatasi kwa kidole chenye mpira. Barua aliigeuza upande wa nyuma aone kama kuna kitu, akairudisha chini ya cheti bila kuisoma, akapiga mhuri nakala yangu. Kisha akakumbuka kuwa kwenye faili langu kulikuwa na karatasi kutoka kwa mtu niliyemfanyia kazi ya muda kiangazi kile, akataka kujua hali yangu ya sasa ikoje. Akaniuliza bila kufikiri: “¿Estudias o trabajas?”

Unasoma au unafanya kazi. Wazungumzaji wa Kihispania cha Hispania watakuwa wameshacheka. Ndiyo sentensi waliyoitumia wanaume wa kizazi kilichopita kumwanzia msichana mazungumzo dansini, na ilitumika mpaka ikachakaa ikawa mzaha. Watu wawili nyuma yangu waliangua kicheko. Mtumishi akawa mwekundu hadi masikioni, akaomba radhi, nami nikajibu “estudio”, kwa kuwa ofisini hapo hakuna mwingine ambaye angeuliza aprendes nini.

Kibali kilitoka kabla ya Krismasi. Lakini kisa cha dirishani nilikipeleka nyumbani mchana ule ule wa foleni, na kijana wa Cádiz alicheka mpaka akalala juu ya meza. Bibi alitabasamu tu. Akasema marehemu mumewe alimwanzia kwa maneno hayo hayo, kwenye sherehe ya kijiji alichokuwa amepangiwa shule, muziki ukipigwa uwanjani, na kijana wa watu amesimama na glasi mbili za limau.

“Ukamjibu nini?” nikamuuliza.

“Enseño,” akasema. Nafundisha. “Hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Ikabidi anipe glasi moja.”