Tari katika Trepak ya Tchaikovsky: jinsi ninavyoipiga

Trepak, ngoma ya Kirusi iliyo katika baleti ya The Nutcracker (1892) ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky, huchukua dakika moja na ushei tu. Kwa mpiga tari hiyo ni dakika ndefu. Kila baa (kipande kifupi cha muziki) ina mapigo mawili, kasi ni kubwa, na noti fupi hufuatana upesi kuliko mkono mmoja unavyoweza kuzipiga kwa nguvu. Kutikisa hakusaidii: vibati vya pembeni mwa tari huchelewa na kinachosikika ni mchakacho.

Mimi hutumia goti na ngumi. Mguu mmoja nauweka juu ya kiti kifupi ili paja lilale. Tari naigeuza ngozi itazame goti, na ngumi ya mkono wa pili inakaa ndani ya duara. Ngumi na goti hutulia. Kinachotembea ni tari, tena kwa nafasi ndogo, vidole vitatu hivi. Ukiitanua, mkono unachoka kabla ya nusu ya wimbo. Goti hutoa mlio mzito kuliko ngumi, kwa hiyo pigo la kwanza la baa nalitua gotini kila mara. Ukibadilisha njiani, mkazo unahama na fidla zinayumba.

Mazoezini naanza na metronomu (kifaa cha kuhesabu kasi) kwenye mapigo 100 kwa dakika, napandisha 4 kila hatua hadi 160, na sipandi mpaka baa nane zitoke safi.

Katikati wimbo unashuka kwenye selo na besi. Hapo ndipo kasi huzama, maana nyuzi nene huchelewa kuitika. Mwishoni Tchaikovsky anataka kasi izidi hadi ukingoni, na makondakta wengi (naona ni tamaa tu) huanza wimbo kwa mbio hata pasibaki pa kuongeza. Mimi hupenda 144 mwanzoni. Wachezaji wakiwepo jukwaani, namtazama kondakta peke yake: mchezaji anayechuchumaa na kuruka hawezi kuharakishwa. Vibati hupenya okestra nzima, na tari ikitangulia kidogo tu, wote wataifuata.

Katika suti ya tamasha (vipande vya baleti vinavyopigwa na okestra peke yake), baada ya Trepak huja Ngoma ya Kiarabu, nayo inataka tari ya kunong'ona kwa ncha za vidole. Mkono bado unatetemeka, hivyo naweka tari ya pili mezani, juu ya kitambaa, ngozi ikiwa tayari juu.