Pamba Jiji, Usajili na Matarajio Yetu

Tangu Pamba Jiji ipande Ligi Kuu mwaka 2024, kila dirisha la usajili linapofunguliwa sisi mashabiki wa Mwanza hugawanyika: wapo wanaodai kwamba viongozi hawahangaiki vya kutosha kutafuta wachezaji, na wapo wanaoona kwamba timu iliyo chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza haiwezi kushindana kwa fedha na Simba au Yanga. Mimi nakubaliana na kundi la pili kuhusu fedha, lakini si kuhusu juhudi, kwa sababu kumfuatilia kijana anayeng'ara kwenye UMISETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, au katika viwanja vya Ilemela na Sengerema hakuhitaji mamilioni. Kunahitaji mtu mwenye jicho, na nauli yake. Badala yake tunasubiri wachezaji walioachwa na klabu kubwa, kisha tunashangaa wanapochoka mapema.

Matarajio nayo yamepita kiasi. Msimu wa 2024/25 timu ilimwachisha kazi kocha Goran Kopunović mapema, akaja Fred Felix Minziro, nayo ikabaki ligi kuu huku KenGold, waliopanda pamoja nasi, wakishuka. Hata hivyo, wapo pale uwanjani Kirumba waliozomea.