Sekunde Arobaini na Tatu

Waliniwekea mezani kengele ndogo ya kubonyeza kwa kiganja, saa ya kupimia mbio, kalamu mbili na daftari jipya. Nilikuwa na miaka 22, mwaka wa tatu chuoni, na kazi ya kutunza muda nilipewa kwa sababu moja tu: kila mtu alinijua kuwa mtu wa sala, mpole, nisiyependa mabishano. Mwenyekiti wa chama cha mdahalo aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe angalau hutampendelea mtu."

Ilikuwa 2012. Mada ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: Jamii ya leo inaweza kuwa na maadili bila Mungu. Mtetezi wa mada alikuwa mwalimu wa falsafa ambaye chuo kizima kilijua haamini, na yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo wala hakulitangaza; ukimuuliza alikujibu, usipomuuliza alikufundisha mantiki mkaachana kwa amani. Mpingaji alikuwa padri mmoja mzee, mwenye sauti ya kutetemesha vioo, ambaye nilikuwa nimeungama kwake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mwenyekiti wetu alikuwa mgonjwa wa historia. Alikuwa ametusimulia mpaka tukachoka habari za Oxford, Juni 1860, miezi saba tu baada ya kitabu cha Darwin kuhusu mageuzi ya viumbe kutoka, jinsi Askofu Samuel Wilberforce, aliyekipinga, na Thomas Huxley, aliyekitetea, walivyopambana mbele ya umati. Kilichomuuma ni kwamba siku ile hakuna aliyeandika neno kwa neno. Tunachokisimulia leo kimetoka kwenye barua na kumbukumbu za watu, nyingine zimeandikwa miaka mingi baadaye, kila mmoja akivutia kwake. "Kwa hiyo wewe utaandika," akaniambia. "Dakika na hoja. Kesho mtu asije akaniambia fulani alisema hivi." Ndiyo sababu nina daftari hilo mpaka leo, na ndiyo sababu siwezi kujidanganya kuhusu namba nitakazozitaja.

Utaratibu wa kura aliutoa Toronto, Kanada. Miaka miwili nyuma, Novemba 2010, Christopher Hitchens, mwandishi asiyeamini Mungu ambaye tayari alikuwa anaumwa saratani, alikuwa amekutana huko na Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza na Mkristo, kubishana kama dini ni nguvu ya wema duniani. Watu walipiga kura kabla ya mdahalo, wakapiga tena baada yake, na mshindi akapimwa kwa watu aliowaongeza. Mwenyekiti aliona hiyo ndiyo haki tupu. Basi mlangoni kila mtu alipewa karatasi mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, zenye Ndiyo, Hapana na Sijui.

Kura za kuingia: Ndiyo 61, Hapana 118, Sijui 34.

Lazima nikiri kwamba sikuingia ukumbini kama mtunza muda. Niliingia kama shabiki. Padri alikuwa ameniazima nakala ya mazungumzo ya redio ya BBC ya 1948 kati ya Bertrand Russell, mwanafalsafa asiyeamini Mungu, na Frederick Copleston, padri Mjesuiti, nami nilikuwa nimeyasoma kama mtu anayesoma matokeo ya timu yake. Russell anasema anatofautisha jema na baya kama anavyotofautisha bluu na njano, kwa kuona tu. Copleston anamuuliza, je, yule kamanda wa Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi? Hapo nilikuwa nimepiga mstari mara mbili. Niliona tumeshinda. Sikugundua kwamba mazungumzo yale yanaisha bila yeyote kumwangusha mwenzake.

Kila msemaji alikuwa na dakika 12, kisha dakika 4 za kujibu.

Mwalimu alianza, na alianza vizuri, jambo lililoniudhi. Alilichukua swali la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akaliweka mezani taratibu, kama mtu anayemenya chungwa: je, jambo ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, au Mungu ameliamuru kwa sababu ni jema? Ukisema la kwanza, wema unakuwa amri tu, na amri ingeweza kuwa nyingine. Ukisema la pili, wema ulikuwepo kabla ya amri, nasi tunaweza kuutafuta bila kupitia mlango huo. Akasema msidhani ni ubishi wa Wagiriki peke yao. Wanazuoni wa Kiislamu waligawanyika hapohapo, Muutazila wakisema akili inaweza kulitambua jema na baya, na wafuasi wa al-Ashari wakisema jema ni lile alilolihukumu Mungu. Watu wa dini, alisema, ndio waliolibishania swali hili kwa uaminifu zaidi kuliko wengi wanaokana dini leo. Ukumbi ukacheka. Mimi niliandika "kejeli," kisha nikafuta, maana haikuwa kejeli.

Kisha akafika kwa John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1689. Locke, mtu aliyeandika barua nzima kutetea uvumilivu wa kidini, alimtoa nje mtu mmoja: asiyeamini Mungu. Sababu yake ni kwamba ahadi, mikataba na viapo havina kitu cha kumshika mtu huyo. Hamuogopi yeyote, atatimizaje neno? Mwalimu akauliza ukumbi kama kweli wanamfahamu mtu mwaminifu kwa kuogopa tu, na kama wangempa mtu huyo funguo za nyumba zao. Akaingia kwenye kisa cha Charles Bradlaugh, aliyechaguliwa kuingia Bunge la Uingereza mwaka 1880 akiwa hamwamini Mungu, akaomba athibitishe kwa heshima yake badala ya kuapa, akakataliwa. Akasema basi ataapa, akazuiwa kuapa. Wapiga kura wakamrudisha, bunge likamfukuza, wakamrudisha tena, na

Nikabonyeza kengele. Dakika 12 na sekunde sifuri. Mwalimu akafunga mdomo palepale, katikati ya sentensi, akanipungia kichwa, akakaa. Kisa kiliishia hewani. Mwisho wake niliusoma mwenyewe baadaye sana: aliruhusiwa kukaa bungeni mwaka 1886, na mwaka 1888 sheria ikapitishwa ya kumruhusu mtu kuthibitisha badala ya kuapa. Lakini usiku ule watu 213 hawakujua kama yule bwana aliingia au hakuingia.

Padri akasimama. Alijibu swali la Plato kwa jibu lililofundishwa na kina Thomas wa Akwino: mtego ule una njia ya tatu. Wema si amri ya Mungu tu, wala si kitu kilichokaa juu yake. Wema ni yeye mwenyewe alivyo. Alilisema vizuri, ingawa leo nikilisoma kwenye daftari naona alilipita haraka, na mwanafunzi mmoja wa mbele aliinua mkono akashushwa. Sikumlaumu Padri. Hakuwa mtu wa mitego. Alikuwa mtu wa visa, na kisa chake alikiweka mwisho, akakianza saa yangu ikionyesha dakika 11 na sekunde 50.

Akasema: kuna chuo kikuu Newcastle, Uingereza, ambako watu wa idara moja walijichukulia chai na kahawa na kutia hela wenyewe katika sanduku, hakuna anayesimamia. Watafiti wakabandika picha juu ya bei. Wiki moja picha ya maua. Wiki nyingine picha ya macho ya mtu yanayokutazama. Wakafanya hivyo kwa wiki kumi.

Dakika 12. Kiganja changu kilikuwa juu ya kengele. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba ulisikia feni. Nikautoa mkono.

Sikujidanganya kwamba nimesahau. Niliutoa mkono nikauweka gotini. Padri akaendelea. Akasema matokeo yalichapishwa mwaka 2006: wiki za macho, watu walilipa karibu mara tatu ya wiki za maua. Akanyamaza kidogo. Kisha: "Mtu anayejua kuwa anaonwa haibi." Makofi yakaanza nyuma yakaja mbele kama mvua. Ndipo nikabonyeza kengele, na hakuna aliyeisikia. Saa ilisoma dakika 12 na sekunde 43. Katika daftari, kwa mkono wangu, niliandika 12:00.

Mwalimu alikuwa ameivua saa yake ya mkononi na kuiweka mezani tangu mwanzo. Nilimwona akiiangalia. Akaniangalia mimi. Akaivaa.

Katika dakika zake 4 za kujibu hakutaja muda kabisa. Alisema jambo ambalo limenikaa kichwani kuliko yote ya usiku ule: "Macho yale yalikuwa ya karatasi. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Na bado yalifanya kazi." Kisha akaongeza, bila kujipendelea, kwamba jambo hilo linamtatiza hata yeye, kwa sababu alitamani binadamu awe bora kuliko hivyo. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 20, akakaa. (Tangu wakati huo watafiti wengine wamelirudia jaribio la macho kwa namna mbalimbali, na si wote waliopata yaleyale. Hilo hatukulijua, Padri wala sisi.)

Kura za kutoka: Ndiyo 73, Hapana 132, Sijui 8.

Mwalimu alikuwa ameongeza watu 12, Padri 14. Kwa sheria yetu ya Toronto, Padri alishinda kwa watu wawili. Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi, akatukumbusha kwamba hata Toronto ilikuwa hivyohivyo: upande wa Blair ulipanda kutoka asilimia 22 hadi 32, wa Hitchens kutoka 57 hadi 68, wote wakigawana waliokuwa hawajaamua. Inaelekea karibu hakuna anayevuka kutoka ng'ambo hii kwenda ile. Wanaotembea ni wale waliosimama darajani. Mimi nilikuwa nafikiria wawili tu. Ningewapa sura. Kila nilipomtazama mtu aliyekuwa akikunja kiti nilijiuliza kama ni yeye, kama ni macho ya Newcastle yaliyomtoa kwenye Sijui.

Nilimkuta Mwalimu kwenye ngazi, akisubiri mvua ipungue. Nilitaka kupita upande wa pili lakini alikuwa ameshaniona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umefanya kazi nzuri ya kuandika, nimekuona huachi kalamu." Akanyamaza. "Saa yako ni nzima?"

Ulikuwa mlango, na aliufungua taratibu kabisa ili niweze kupita bila kuinama. Nikasema, "Ina hitilafu kidogo, Mwalimu."

"Hutokea," akasema. Tukasimama pamoja tukiitazama mvua, na aliponiuliza habari za masomo nilimjibu vizuri, kwa sentensi kamili. Hakulizungumza tena jambo lile, si kwangu wala, kwa ninavyojua, kwa mtu mwingine. Nililala vibaya. Kilichoniumiza zaidi ya wizi wenyewe ni hesabu rahisi ya ukumbi ule: kati ya watu watatu tuliokuwa karibu na saa, aliyeiba alikuwa yule aliyesali kabla ya kutoka chumbani.

Kwa siku tisa nilipanga kuungama. Ningeenda kitubioni, ningesema, ningepewa sala za kitubio, na Padri asingeweza kumwambia mtu yeyote. Hapo ndipo nilipojigundua: nilikuwa natafuta kufungwa kwa siri, si kusamehewa. Kwa hiyo siku ya kumi nilikwenda mchana, nikamkuta amekaa nje kwenye benchi akisoma, nikasimama mbele yake na daftari kwapani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaa, mwanangu."

Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Katika sekunde hizo nilikuwa nasema nini?"

Nikafungua daftari, ingawa sikuhitaji. Nikamsomea: wiki za macho, mara tatu, mtu anayejua kuwa anaonwa haibi. Nilisoma sentensi ile ya mwisho nikiwa nimeinamisha kichwa, nikitegemea acheke au akasirike. Alikaa kimya.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Mwalimu anajua?"

"Anajua, Padri."

"Alikwambia nini?"

"Aliniuliza kama saa yangu ni nzima."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia ina hitilafu."

Aliguna. Akanyoosha mkono, akaomba saa. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa nimetembea nayo siku zote hizo kama mtu aliyebeba jino lililong'oka. Akaibonyeza, akaishika kati yetu sote wawili, tukaitazama. Hakusema neno. Sekunde arobaini na tatu ni nyingi sana watu wawili wakizitazama zikipita. Zilipofika aliisimamisha.

"Nilidhani ni kidogo," akasema. Akanirudishia. "Utampelekea wewe, au nimpelekee mimi?"

Nikasema nitakwenda mwenyewe. Nilikwenda baada ya wiki tatu.