Nilivyopanga kozi zangu za kemia kuanzia mwisho

Nilifika chuoni Dar es Salaam nikiwa tayari na swali nililotaka kulifanyia mradi wa mwaka wa tatu. Mimi ni mtu wa Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako chemchemi na visima vingi vina floraidi nyingi kupita kiasi. Watoto wanaota meno yenye madoa ya kahawia, na wapo wazee ambao mifupa yao imekakamaa hadi kuinama ni shida. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu kuna maji yanayopita kiwango hicho mara kadhaa, na watu wanayanywa kwa sababu ndiyo yaliyopo. Nilitaka kuyapima mwenyewe, kisha nijaribu kuyachuja kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi.

Wenzangu wengi walipanga kozi kuanzia mbele. Unafungua prospektasi, unasajili kozi za lazima za semesta, kisha nafasi ya hiari unaijaza na kozi inayosifika kwa kutoa A. Nawaelewa. Kwenye mizani ya 5, daraja la kwanza linaanzia GPA ya 4.4, na kila pointi ina uzito wake siku ya kuomba kazi. Mimi nilichukua kaunta buku, nikaandika “mradi” chini kabisa ya ukurasa, nikaanza kupanda juu. Kila hatua nilijiuliza: ili nilifanye hili, lazima niwe nimeshaelewa nini?

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo mpango wote ulipotokea. Floraidi hupimwa kwa elektrodi yenye fuwele ya lanthani floraidi. Unaichovya kwenye maji, unasoma volti. Kwa nyuzi 25, kiasi cha floraidi kikiongezeka mara kumi, usomaji hubadilika kwa takribani milivolti 59. Namba hiyo inatoka kwenye mlinganyo wa Nernst, unaounganisha volti na kiasi cha ioni, na Nernst anatoka kwenye thamodainamiki, yaani elimu ya joto na nishati. Kwa hiyo kozi ya elektrokemia ilibidi iwe imekwisha kabla ya mradi, na thamodainamiki iwe imekwisha kabla ya elektrokemia.

Hapo bado. Kabla ya kupima unaongeza bafa, mchanganyiko unaozuia pH (kipimo cha uasidi) isiyumbe, inayoishikilia kwenye 5 hadi 5.5. Ikishuka sana, floraidi hujifunga na haidrojeni na elektrodi haiioni tena. Ikipanda, ioni za haidroksidi zinaingilia usomaji. Ndani ya bafa hiyo kuna pia dawa ya kunyakua aluminiamu na chuma, kwa sababu metali hizo huikumbatia floraidi na kuificha. Ukitaka kujua kwa nini dawa hiyo inashinda, unahitaji kemia ya kampaundi changamani, zile ambamo metali imezungukwa na kushikwa na molekuli au ioni nyingine, ambayo ni inoganiki ya mwaka wa pili. Mkaa wa mifupa nao kazi yake kubwa inafanywa na haidroksiapataiti, madini ya mifupa yenyewe: floraidi huchukua nafasi ya haidroksidi. Kujua gramu moja ya mkaa inabeba floraidi kiasi gani ni mambo ya ufyonzaji wa juu ya uso, yaani kemia ya fiziko tena, tawi lile lile la thamodainamiki na elektrokemia. Na kusema kwa uhakika kwamba kisima hiki kina floraidi nyingi kuliko kile, unahitaji takwimu.

Nilipomaliza, ukurasa ulikuwa umejaa mishale, na mingi ilikuwa inaelekea sehemu moja: hisabati.

Nilitoka PCB, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia wa kidato cha tano na sita. Sisi wa PCB, sawa na wenzetu wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia), hatukusoma hisabati ya Advanced; tulisoma BAM, hesabu za msingi, ambayo difrensiesheni na intigresheni inazigusa tu. Mhadhiri wa thamodainamiki hana muda wa kurudi huko. Anaandika dU = TdS − pdV, anaibadilisha kigezo kimoja huku kingine amekishikilia palepale, anatoa mahusiano ya Maxwell, anafuta ubao. Mwanafunzi ambaye hesabu hizo anaziona kwa mara ya kwanza siku hiyo atakariri desa, na desa halitamsaidia swali likigeuzwa. Kwenye kwanta, kemia ya tabia za elektroni na atomi, ni zaidi. Mlinganyo wa Schrödinger ni mlinganyo wa difrensiali, na spektroskopia yote, yaani kuzitambua molekuli kwa mawimbi zinayofyonza, kuanzia kwa nini molekuli inafyonza infraredi hadi NMR (kipimo cha viini vya atomi ndani ya sumaku kali), imejengwa juu yake.

Kwa hiyo nafasi yangu ya kwanza ya hiari, semesta ya kwanza kabisa, niliiweka kwenye kalkulasi ya idara ya hisabati. Semesta ya pili nikaweka takwimu. Mshauri wangu wa masomo aliiangalia fomu, akanitazama.

“Mwanangu, una uhakika? Humo utakaa na watu waliotoka PCM, waliosoma hisabati ya Advanced.”

“Shikamoo tena mwalimu,” nilisema, akacheka, nikamfungulia kaunta buku. Aliifuata mishale kwa kidole mpaka chini, akaniuliza maswali mawili matatu kuhusu bafa, akasaini. Baadaye alikuwa ananitumia wanafunzi wa mwaka wa kwanza nikawaonyeshe ule ukurasa.

Kalkulasi nilipata B. Kwenye mizani yetu B ni 3, na kweli ilivuta GPA ya mwaka wa kwanza chini. Bei hiyo nilikuwa nimeikubali tangu mwanzo. Mwaka wa pili thamodainamiki, elektrokemia na kwanta zilipokuja pamoja, nilikuwa nasoma kemia tu, wakati wengine walikuwa wanasoma kemia na hesabu kwa wakati mmoja. Pointi nilizoacha kwenye kalkulasi zilirudi zote kwenye kozi hizo.

Jambo la pili lililohitaji kupangwa ni maabara, na hili prospektasi haikuonyeshi. Kwa utaratibu wa Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Semesta basi ina saa 600. Zigawe kwa wiki kumi na tano, ni saa 40 kwa wiki. Kwenye karatasi inaonekana kama kazi ya kawaida ya ofisini. Lakini saa za mhadhara na saa za maabara hazichoshi sawasawa. Praktiko ya oganiki inakula mchana mzima: unachemsha kwa kondensa, unasubiri, unapoza, unasubiri fuwele, ila ripoti yake ni fupi. Praktiko ya fiziko unaweza kutoka mapema, kisha ukakaa usiku mbili na grafu na mahesabu ya kosa. Analitiko iko katikati, ila haina huruma: titresheni yako ikipishana na jibu sahihi, alama zinaondoka.

Hivyo nilipokutana na finalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, sikuwauliza kozi ipi ni rahisi. Niliwauliza ripoti inachukua muda gani na inakusanywa siku gani. Semesta yenye praktiko ya fiziko nilichagua kozi ya hiari ya kusoma tu, isiyo na maabara. Semesta yenye oganiki nilihakikisha siku inayofuata asubuhi sina tesiti ya kozi ya hiari. Kwa kuwa kosiweki (kazi za ndani ya semesta) ni alama 40 na UE, mtihani wa mwisho wa semesta, ni 60, ripoti zilizokusanywa kwa wakati zilinifanya niingie UE nikiwa na akiba.

Ushauri mmoja mzuri sana niliupata kwa fundi sanifu wa maabara, mzee mpole ambaye wanafunzi wengi hupita wakimsalimia tu. Nilimweleza ninachotaka kufanya.

“Elektrodi ya floraidi ipo,” akasema. “Lakini mwezi wa mwisho mnaigombania wote, mwanangu. Wewe njoo na sampuli zako mapema.”

Maneno yake yakaingia kwenye kaunta buku. Likizo ndefu baada ya mwaka wa pili nikaomba PT, mafunzo kwa vitendo, kwenye maabara ya maji mkoani kwetu, nikakusanya sampuli wakati ule ule wa kiangazi, kwenye chupa za plastiki, maana floraidi na kioo havikai vizuri pamoja. Mwaka wa tatu ulipofunguliwa nilianza kupima wiki za mwanzo, maabara ikiwa tulivu, na semesta ya mwisho ikabaki ya majaribio ya mkaa wa mifupa na kuandika.

Tangu hapo wadogo zangu wa chuo wananiomba ule ukurasa waunakili. Nawapa, ila nawaambia wachore wa kwao, kwa sababu mishale inabadilika na mtu anakotoka. Aliyesoma PCM hana deni la hesabu. Nafasi niliyoitumia kwa kalkulasi aiweke kwenye baiokemia, hasa kama anataka mambo ya dawa. Wa CBG ana deni mbili, hesabu na fizikia, kwa hiyo umeme na mawimbi avisome mwaka wa kwanza, kabla ya kwanta na spektroskopia. Na anayetaka kemia ya mimea dawa atakuta mishale yake mingi inaelekea spektroskopia: bila NMR na infraredi hutajua umetoa kitu gani kwenye gome la mti. Huyo apange kozi hiyo iishe mapema iwezekanavyo, na kabla ya kuchagua mradi aulize chuoni kwake sampuli za NMR zinapimiwa wapi na majibu hurudi baada ya muda gani.